Kabla ya kuuliza kinu kitajengwa wapi, tuulize nani atakata fueli

Mbukwenyi wasomaji wangu.

Tangu serikali ianze kutamka waziwazi kwamba nyuklia ni moja ya vyanzo vya umeme inavyoviangalia, hapa Dodoma maneno ni mengi. Yapo kwenye daladala za Kisasa, yapo kwenye foleni ya benki, na juzi nimeyakuta hata msibani. Maswali huwa mawili: kinu kitajengwa wapi, na taka zitapelekwa wapi. Ni maswali ya haki. Mimi nina la tatu, na sijasikia mtu akiliuliza: fueli ikishakaa kinuni miaka yake, nani ataifungua aangalie imekuwaje, na ataifungulia kwenye chumba gani?

Nauliza kwa sababu swali hili linagusa kazi ya mikono yangu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya miamba. Watu wa uchorongaji wananiletea miche ya mwamba kwenye masanduku, yaani vipande virefu vya mviringo vinavyotolewa na mashine ya kuchoronga, naikata kwa msumeno wa almasi, nagandisha kipande kwa gundi ya epoksi, nakisaga, nakisaga tena, nakisugua mpaka kinabaki na unene wa mikroni 30 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Hapo mwanga unapita, na mjiolojia anaweza kuyasoma madini chini ya hadubini. Kipimo changu cha mwisho si mashine. Ni madini ya kwazi. Nikiyaangalia kwenye mwanga wa hadubini nikaona yameacha rangi ya njano yakawa kijivu cheupe, nasimama hapohapo. Nikizidisha kidogo, slaidi imekwisha.

Kumbe duniani kuna watu wanaofanya kazi hiihii, msumeno huuhuu, epoksi hiihii, isipokuwa sampuli yao ikikaa wazi mezani inaua. Hao ndio ninaotaka kuwaandikia leo.

Kwanza tujue fueli yenyewe ni kitu gani. Vinu vingi vya umeme hutumia vidonge vya oksidi ya urani, kimoja kina kipenyo cha chini kidogo ya sentimita moja. Vidonge hupangwa kimoja juu ya kingine ndani ya mrija wa aloi ya zirikoniamu wenye urefu wa mita 4 hivi, na ukuta wa mrija huo ni mwembamba, zaidi kidogo ya nusu milimita. Huo mrija uliojaa vidonge ndio fimbo. Fimbo hufungwa pamoja. Katika aina moja iliyoenea sana, fungu moja lina fimbo 264. Kidonge kipya unaweza kukishika ukiwa na glavu. Hata mawe yenye urani ya Bahi na Manyoni, yale yaliyowaleta watafiti ukanda huu miaka ya 2000, nimeyakata mwenyewe, maji yakitiririka kwenye msumeno na kinyago usoni kwa ajili ya vumbi, na jioni nikaenda nyumbani kupika.

Kidonge hichohicho kikikaa kinuni miaka minne au mitano, si kile tena. Atomi za urani zilizopasuka zimeacha humo ndani makumi ya elementi nyingine, nyingi zikitoa mionzi mikali. Hata baada ya miaka 10 nje ya kinu, ukisimama karibu na fungu la fueli iliyotumika, bila maji wala kinga katikati, dakika chache zinatosha kukuua.

Na ndani yake kumetokea mengi. Kinu kinapofanya kazi, katikati ya kidonge joto hupita nyuzi 1,000, na ukingoni, umbali wa nusu sentimita tu, ni mia kadhaa. Kauri haivumilii tofauti ya namna hiyo, kwa hiyo kidonge hupasuka tangu mwanzo kabisa kinu kinapopanda nguvu. Gesi za zenoni na kriptoni hujikusanya kwenye vipovu, na sehemu yake hutoroka na kuongeza shinikizo ndani ya mrija. Kidonge huvimba, mrija nao unabanwa na maji ya nje, na mwishowe hukutana na kusukumana. Upande wa nje maji huila zirikoniamu polepole na kuacha tabaka la oksidi, huku hidrojeni ikipenya ndani ya metali na kuifanya iwe rahisi kuvunjika.

Siku hizi haya yote yanakokotolewa kwa kompyuta, na makokotoo ni mazuri. Lakini namba zilizoyafundisha makokotoo hayo zilitoka kwa mtu aliyekata fimbo, akaing'arisha, akaitazama kwa macho yake.

Maabara ninayoifuatilia zaidi iko Idaho, Marekani. Inaitwa Hot Fuel Examination Facility na ilianza kazi mwaka 1975. Chumba chake kikuu kina urefu wa mita 21 hivi na upana wa mita 9. Kuta ni za zege zito lenye unene wa mita 1.2. Ndani hamna hewa ya kawaida, mmejazwa gesi ya agoni, kwa sababu fueli nyingi zilizopita humo ni za metali, zenye sodiamu ndani ya mrija, na sodiamu haipatani na unyevu wala oksijeni. Kuzunguka chumba kuna vituo 15 vya kazi, kila kimoja na dirisha lake na jozi ya mikono ya chuma.

Dirisha hilo nimelitazama kwenye picha mpaka nimelizoea. Unene wake ni sawa na wa ukuta: mabamba ya kioo kilichochanganywa na madini ya risasi, yamepangwa moja nyuma ya jingine, na mafuta maalumu yamejaza nafasi katikati. Ukitazama ndani, kila kitu kina unjano. Unjano huo unatokana na seriamu iliyotiwa kwenye kioo, maana kioo cha kawaida kikipigwa mionzi muda mrefu hugeuka kahawia, kikawa kahawia zaidi, hadi fundi hawezi kuona anachokishika.

Mikono nayo. Fundi anasimama nje, anashika vipini viwili, na kila anavyosogeza mikono yake, ndani ya chumba vidole vya chuma vinasogea vilevile. Raymond Goertz na wenzake wa maabara ya Argonne ndio waliotengeneza mikono ya aina hii mwishoni mwa miaka ya 1940. Ajabu ni kwamba mpaka leo mingi bado inaendeshwa kwa nyaya na kanda za chuma zinazopita ukutani. Wangeweza kuweka mota na vitufe kila mahali. Sababu ya kutofanya hivyo naielewa kwa viganja vyangu: kanda inarudisha uzito. Fundi akikaza boliti ndani ya zege la mita 1.2, boliti inapokamata anaisikia mkononi.

Mwaka huu nilikuwa na binti wa chuo aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Nilimwonyesha picha hizo akaniuliza, “Mama, sasa kung'arisha si mashine inafanya yenyewe? Wanahitaji kusikia nini mkononi?”

Nikamwambia, “Mwanangu, na wewe mashine si unayo hapo mbele yako? Hebu nionyeshe slaidi yako.”

Akaniletea. Ilikuwa granaiti iliyochoka, yenye nyufa nyingi, na kwenye hadubini ilionekana imejaa vitundu. Alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba mwamba una matundu mengi. Nikamwomba arudie, safari hii kwanza aijaze epoksi sampuli ikiwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, ili gundi iingie kwenye kila ufa kabla ya kusaga, halafu apunguze mkandamizo na abadilishe unga wa kusagia kwa hatua ndogondogo. Slaidi ya pili vitundu vingi havikuwepo. Mwamba haukuwa na matundu hayo. Zilikuwa punje zilizong'oka wakati wa kusaga, zikaacha nafasi.

Basi rudi kwenye kidonge cha urani kilichotumika. Hicho kimepasuka vipande vipande, na kinachotafutwa humo ni vitundu hasa: vipovu vya gesi, na ule ukanda mwembamba wa ukingoni ambao fueli iliyochomwa sana hujigeuza na kujaa vinyweleo vidogo vya mikroni moja hivi. Punje ikichomoka wakati wa kung'arisha inaacha tundu linalofanana kabisa na kipovu cha gesi. Mtu asiyejua atalihesabu kama gesi. Atapeleka namba hiyo kwa wahandisi, na wahandisi wataamua fimbo zikae kinuni muda gani. Kwa hiyo nao hujaza epoksi kwanza, na kwa utaratibu uleule, ila kila kikombe, kila kitambaa, kila tone la gundi linashikwa kwa vidole vya chuma nyuma ya kioo cha njano. Kazi ambayo mimi naimaliza kabla ya chai ya saa nne, kwao inaweza kula siku nyingi, na sampuli ya kurudia huenda haipo.

Ndiyo maana hawaanzi kwa kukata. Hili nalipenda sana, na namsisitizia kila anayepita kwenye meza yangu: mche wa mwamba hupigwa picha, hupimwa, huandikwa, ndipo msumeno unaguswa. Kwao fimbo inapoingia chumbani hutazamwa kwanza urefu wote na kupigwa picha. Hupimwa urefu, maana fimbo hurefuka ikiwa kinuni, na kipenyo hupimwa kutoka chini hadi juu. Halafu hupitishwa polepole mbele ya mwanya mwembamba uliotobolewa kwenye kinga, na nyuma ya mwanya kuna kifaa cha kusoma mionzi ya gama. Mionzi ya sesiamu-137, moja ya mabaki ya urani iliyopasuka, ina nishati yake inayojulikana, kwa hiyo mchoro unaotoka huonyesha sesiamu hiyo imejikusanya wapi. Kati ya kidonge na kidonge mstari huzama kidogo, unaweza ukavihesabu vidonge bila kufungua chochote.

Baadaye picha ya nyutroni. Chini ya chumba hicho cha Idaho kuna kinu kidogo cha kilowati 250 ambacho kazi yake ni kutoa nyutroni za kupigia picha. Eksirei ya kawaida haifai: urani ni nzito mno, tena fimbo yenyewe inatoa gama ambazo zingeiunguza filamu yote. Kwa hiyo nyuma ya fimbo huwekwa karatasi nyembamba ya metali, indiamu au disprosiamu. Gama haziigeuzi karatasi hiyo, lakini nyutroni zikiifikia huifanya itoe mionzi kidogo, sehemu kwa sehemu, kulingana na kilichozizuia njiani. Karatasi inatolewa, inapelekwa mbali na fimbo, inalazwa juu ya filamu, na picha inajichora hapo taratibu. Kila nikisoma habari hii nafikiria mtu aliyekaa chini akatafuta njia ya kupiga picha kitu kinachoharibu kila picha, na akaipata.

Ndipo mrija unatobolewa kwa leza na gesi kukusanywa: shinikizo lilikuwa kiasi gani, zenoni ngapi, kriptoni ngapi. Na baada ya hapo, msumeno.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema kutazama kwa macho hakuna mbadala.

Machi 28, 1979, kinu namba 2 cha Three Mile Island, Pennsylvania, kilipungukiwa maji ya kupoza. Fueli iliharibika, hilo lilijulikana mapema. Imeharibika kiasi gani, hapo ndipo watu walipotofautiana, na wengi waliamini sehemu kubwa ya kiini, yaani fimbo zote za fueli kwa pamoja, bado imesimama. Miaka mitatu ikapita. Julai 1982 wakashusha kamera ndogo ndani ya chungu cha kinu, lile pipa nene la chuma linalobeba kiini. Pale juu ambapo fimbo zilitakiwa kuwepo, hapakuwa na kitu, ni shimo, na chini yake kifusi.

Kifusi kina kina gani, na chini yake kuna nini? Kamera haiwezi kuona ndani ya jiwe. Mwaka 1986 wakaleta mashine ya kuchoronga. Na hii mashine, jamani, asili yake ni mashine ya wachimbaji ya kutafutia madini, iliyofanyiwa marekebisho. Walichoronga kiini cha kinu kama ambavyo watu wangu wanachoronga mwamba huku Singida na Manyoni, wakatoa miche, wakaipeleka Idaho, ikaingia kwenye vyumba vya zege, ikapigwa picha, ikakatwa, ikang'arishwa. Sampuli nyingine zilipelekwa maabara za nchi nyingine. Miche ile ndiyo iliyosema ukweli: karibu nusu ya kiini ilikuwa imeyeyuka, na tani karibu 20 za fueli iliyoyeyuka zilikuwa zimemwagika hadi sakafu ya chungu. Chungu hakikutoboka. Yote tunayoyajua leo kuhusu namna kiini kinavyoyeyuka yana deni kubwa kwa miche hiyo.

Mimi nimeshika miche ya mwamba maisha yangu yote ya kazi. Niliposoma ripoti hiyo nikaona picha ya mche wa fueli iliyoganda, na alama za vina zimeandikwa pembeni jinsi tunavyoandika sisi, nilikaa nayo muda mrefu.

Fukushima, Japani, ambako vinu viliyeyuka mwaka 2011, wako mwanzoni mwa safari hiyohiyo. Novemba 2024, miaka zaidi ya 13 baada ya ajali, walifanikiwa kutoa kipande cha kwanza cha fueli iliyoyeyuka kutoka kinu namba 2. Uzito wake haukufika hata gramu moja, kama gramu 0.7. Kilipelekwa maabara ya Oarai, Japani. Makadirio ni kwamba ndani ya vinu vitatu vilivyoyeyuka pale kuna jumla ya tani 880 za mabaki ya aina hiyo. Wapo waliobeza, gramu 0.7 kwa tani 880 ni nini? Kwangu ni sampuli, na sampuli iliyong'arishwa vizuri inasema mengi kuliko lori la kifusi lisiloguswa.

Lakini kazi hii si ya ajali tu. Baada ya Fukushima nchi kadhaa zimekuwa zikitafuta mirija inayovumilia joto zaidi. Mwaka 2018 fimbo za majaribio ziliwekwa kwenye kinu cha Hatch, Georgia, zikatumika kama fimbo nyingine, kisha baadhi zikapelekwa maabara ya Oak Ridge, hukohuko Marekani, kufunguliwa. Hakuna mamlaka ya udhibiti yenye akili itakayokubali mrija mpya kwa maneno ya muuzaji.

Maabara za namna hii si nyingi. Zipo Studsvik nchini Uswidi, Karlsruhe Ujerumani, Cadarache Ufaransa, Mol Ubelgiji, Dimitrovgrad Urusi, na nyingine Asia. Kwa Afrika macho yangu yako Pelindaba, nje kidogo ya Pretoria, ambako kinu cha utafiti cha SAFARI-1 kimekuwa kikifanya kazi tangu 1965. Wana vyumba vya kinga vyenye mikono ya chuma, na kupitia vyumba vya aina hiyo hutengeneza molibdeni-99, inayotoa dawa ya kupigia picha wagonjwa hospitalini. Maana yake ni kwamba wapo Waafrika wenzetu wanaojua kufungua kitu kilichotoka kinuni, kukikata na kukipima, nyuma ya kioo cha njano, kila wiki.

Sisi tuna Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na wataalamu wake wa kupima mionzi wanafanya kazi ya maana. Sisemi tujenge kesho chumba cha zege la mita 1.2 pale Njedengwa. Nchi inayoanza inaweza kununua kinu pamoja na fueli yake, na ikakubaliana kwamba fimbo zikachunguzwe nje. Lakini ripoti itarudi. Itakuwa na picha ya duara lenye nyufa, ukanda mweusi ukingoni, vitundu hapa na pale, na sentensi chini yake kwamba hali ni ya kawaida. Nataka mezani kwetu awepo Mtanzania atakayeitazama picha hiyo na kusema: ufa huu umetokea kinuni, huu umetokea kwenye msumeno, na vitundu hivi sivikubali mpaka mniambie mlijaza epoksi lini.

Mtu huyo hapatikani kwa semina ya wiki moja hotelini. Anatokana na miaka ya kusaga na kung'arisha, na Dodoma, mji ambao kazi ya jiolojia ya nchi imekaa tangu enzi za mkoloni, ina mafundi wa namna hiyo tayari. Wengi wanakaribia kustaafu. Vijana wanaoletwa kwetu wanataka kukaa kwenye kompyuta, na siwalaumu, huko ndiko mishahara iliko. Ninachoomba ni kwamba orodha za ufadhili wa masomo ya nyuklia zinapoandaliwa, pembeni ya wahandisi na wanafizikia ziwemo nafasi za mafundi sanifu: watu wa metali, watu wa hadubini, watu wa kuandaa sampuli. Mwaka mmoja au miwili kwenye chumba cha kinga cha watu wengine, mikono ikiwa kwenye vipini.

Yule binti amerudi chuo. Ameniandikia kwamba anataka utafiti wake wa mwaka wa mwisho uhusu matundu ya uongo: jinsi ya kutofautisha tundu la asili na punje iliyong'oka, kwa kupiga picha eneo lilelile kila baada ya hatua ya kusaga. Nimemwambia nitamtengea granaiti ya kutosha na msumeno siku za Jumamosi. Kama kuna msomaji hapa aliyefanya kazi kwenye vyumba vya Pelindaba, au anamfahamu mtu aliyepita huko, naomba aniandikie atueleze wao hukagua vipi kabla ya kuhesabu.